Ampli Inayofunguka

Ampli ya kwanza ya besi katika Lubumbashi ilikuwa pipa. Wapo watakaobisha kwamba pipa si ampli kwa kuwa halina waya wala swichi, waache wabishe. Kazi ya ampli ni kuuchukua mtetemo mdogo wa uzi na kuufikisha kwa mtu anayecheza mwisho wa uwanja, na kazi hiyo pipa letu, karindula, linaifanya bila kuomba ruhusa kwa SNEL, shirika la umeme. Unatwaa pipa la mafuta, unawamba ngozi ya mbuzi juu yake, unatia mti mrefu uwe shingo, unafunga nyuzi nne. Mpigaji ni mdogo kuliko chombo chake. Sauti inaanzia tumboni mwa msikilizaji, sikio linafuata.

Wenzetu wa Luapula, ng'ambo ya mpaka, wanaiita kalindula, na jina hilo wakalipa muziki mzima wa dansi uliovuma Zambia miaka ya 1980. Huku Katanga ilibaki chombo cha viwanjani na vilabuni, cha watu wasio na orkestra, mpaka mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilipotoa filamu na rekodi za vikundi vilivyopigwa picha hapa Lubumbashi: Bana Simba, Bena Ngoma, BBK, Bana Lupemba. Vijana wa karakana yangu waliitazama wakacheka kwamba Wazungu wamevuka bahari kuja kulipiga picha pipa. Mimi sikucheka. Pipa lile lina sifa moja ambayo ampli nyingi za dukani zimeikosa: ngozi ikipasuka, mpigaji anajua mbuzi anapatikana wapi.

Mimi ni fundi wa ampli na bafle, yaani masanduku ya spika, karibu na soko la Kenya. (Kenya ninayoisema ni komini yetu, si nchi.) Kabla ya kushika bisibisi nilishika gitaa la besi katika baa za Kamalondo. Kabla yangu baba mdogo alipiga kontrabasi, lile zeze kubwa la kusimama nalo, na baba yangu mzazi alikuwa bobineri, fundi wa kuviringa upya mota za umeme zilizoungua. Nimelelewa na sauti nzito kwa pande zote mbili, ya anayeipiga na ya anayeitengeneza. Ninayoyaandika hapa ni historia ya mji wetu kama inavyoonekana kutoka mgongoni mwa ampli, kule kwenye skrubu.

Tukitoka kwenye pipa tunafika kwenye kidole gumba. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi kutoka Afrika Kusini, alimkuta Jean Bosco Mwenda, kijana mzaliwa wa Bunkeya, huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Ukisikiliza "Masanga" utaapa kwamba wako wapigaji wawili. Edouard Masengo na Losta Abelo walishika njia hiyohiyo. Katika Katanga ya siku zile besi ilikuwa gumba la mtu mmoja, na ukumbi wake ulikuwa sebule, kibaraza, kivuli cha mwembe. Baa hailijali gumba. Watu wakianza kupiga soga na chupa za bia ya Simba zikianza kugongana, nyuzi nyembamba za gitaa bado zinapenya. Zile nene ndizo zinazozama kwanza.

Sababu yake ni ya kimaumbile, na nimewaeleza wateja mara nyingi hata naweza kuisema usingizini. Uzi wa mi wa gitaa la besi, ule mnene kupita wote, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Wa gitaa la kawaida, mara 82. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo. Ili lizisikie sawa na zile za juu, spika inabidi isukume hewa nyingi zaidi, na kusukuma hewa kunakula nguvu. Ndiyo maana mpiga solo anatosheka na wati 30, naye mpiga besi wa orkestra ileile analia njaa na wati 100.

Nguvu yenyewe huku ilikuwapo mapema, ila haikuletwa kwa ajili ya muziki. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, jina la zamani la mji wetu, mwaka 1910. Union Minière, kampuni ya migodi, walihitaji umeme wa kusafishia shaba, na mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha kwenye mto Lufira ikaanza kuzunguka. Koni, Nzilo na Nseke zikafuata katika miaka ya 1950. Umeme ulifika viwandani na katika nyumba za wakubwa kwanza. Mitaa ya Waafrika ilingoja. Lakini baba alikuwa akisimulia kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyeujenga ukuta wa bwawa, kwamba ulikuwa umeme uliotulia: ukipima asubuhi unakuta volti 220, ukipima usiku unazikuta palepale.

Gitaa la umeme tulilipokea kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kama tulivyopokea mambo mengi ya starehe. Mbelgiji Bill Alexandre alifika huko mwaka 1953 kuendesha studio ya CEFA, akaja na magitaa ya umeme, na wapigaji wa mji ule hawakurudi nyuma tena. Besi ilichelewa. Mwimbaji Joseph Kabasele alipokwenda Brussels Januari 1960, kwenye Meza ya Duara, mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo, safari iliyotuachia "Indépendance Cha Cha", upande wa besi alimwazima Brazzos kutoka orkestra ya OK Jazz, mtu aliyezoea gitaa kabla ya besi. Kwetu ilikuwa hivyohivyo: mpiga besi mara nyingi alikuwa mpiga gitaa aliyesogezwa nyuma.

Marekani walikuwa wametangulia. Leo Fender alitoa gitaa lake la besi mwaka 1951, na mwaka uliofuata akalitolea ampli, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15 na wati zisizofika 30. Masanduku ya ampli za siku zile kwa kawaida yalikuwa wazi mgongoni, na hapo ndipo palipokuwa na dosari: mawimbi yanayotoka nyuma ya spika yanazunguka, yanakutana na ya mbele, yanauana, na yanayokufa ni yale ya chini, ambayo ndiyo umeyalipia. Matoleo ya baadaye ya Bassman, yenye spika nne za inchi 10, yakapendwa na wapiga solo kuliko wapiga besi. Jim Marshall wa London alipoanza kutengeneza ampli zake mwanzoni mwa miaka ya 1960, mzunguko wa umeme wa hizo ndio alioufuata. Mwaka 1960 Ampeg wakatoa B-15: wati 25 tu, lakini spika imekaa ndani ya sanduku lililofungwa sawasawa, na kichwa cha ampli kinageuzwa kulala ndani wakati wa safari. Kuanzia hapo kila fundi mwenye masikio alijua kwamba nusu ya ampli ya besi ni kazi ya seremala.

Maseremala tulikuwa nao. Bafle nzito kuliko zote nilizowahi kuinua zilitengenezwa Katuba, kwa mbao ngumu badala ya tripleksi, zikigongwa hazitoi mlio wowote. Spika inapumua, sanduku linanyamaza. Likianza kuimba nalo, umepoteza besi. Jaribio hilo ninalifanya hadi leo kabla ya kuuliza bei. Ninagonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.

Miaka ya Katanga kujitenga, Julai 1960 hadi Januari 1963, nitaipita haraka. Wenye kuijua vizuri wameshaiandika. Kwetu nyumbani ilichukua kontrabasi ya baba mdogo, iliyoachwa katika baa moja usiku wa risasi na haikuonekana tena. Amani iliporudi alinunua gitaa la besi la umeme, kwa maana kontrabasi nyingine isingepatikana. Siamini ni yeye peke yake aliyebadilisha chombo kwa njia hiyo.

Miaka minono ilianza 1967. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari mwaka ule, ikawa kampuni ya serikali ambayo tumezoea kuiita Gécamines. Mji ulikuwa umeshapewa jina la Lubumbashi mwaka uliotangulia. Shaba ilikuwa na bei, mshahara ulifika kwa tarehe, na kila kambi ya wafanyakazi ilikuwa na cercle yake, ukumbi wa bia, sinema na dansi. Wafanyabiashara Wagiriki na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes bado walikuwa na maduka yao katikati ya mji. Ampli zilizopita mikononi mwa baba, kwa kuwa watu waliamini kwamba mwenye kujua mota anajua kila kitu chenye waya, zilikuwa Selmer na Vox za Uingereza zilizopanda kwa reli kutoka kusini, na chache zilizoshuka Lobito na kuja kwa reli ya Benguela.

Zilikuwa ampli za lampu, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu vijana wanaziota bila kuzijua. Lampu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, ambamo umeme unavuka utupu; kinang'aa rangi ya machungwa, kinaunguza vidole. Inapozidiwa haikwaruzi ghafla. Inaulainisha mlio, inaukunja kwenye ncha, na uzi wa mi unatoka mnene na wa mviringo. Sijasikia kitu kizuri zaidi katika kazi hii. Zaidi ya uzuri wa sauti kulikuwa na uzuri wa ndani. Ukiigeuza ampli ya namna ile na kutoa skrubu, unaona kila waya unakotoka na unakokwenda, umefungwa kwa mkono wa mtu. Lampu ikifa unaing'oa kwenye kikalio chake na kuchomeka nyingine, kazi ya dakika moja. Transfo, yaani transfoma, ikiungua unaiviringa upya. Baba, ambaye hakupata kusoma elektroniki, alizifufua kwa kufuata waya na kipimo, akihesabu mizunguko ya shaba ile ya zamani wakati anaifungua, akirudisha idadi ileile.

Adui wao walikuwa wawili. Wa kwanza ni barabara ya vumbi: lampu inachukia kurushwarushwa kwenye lori. Wa pili ni mwenye baa. Kila bafle ina ukinzani wake, kwa kawaida omu 8, na ampli imetengenezwa kubeba mzigo fulani, tuseme omu 4, yaani bafle mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba. Mwenye baa anaona watu wanapita barabarani bila kuingia, anaamua kuunga bafle ya tatu na kuiweka nje mlangoni. Mzigo unashuka chini ya omu 3, ampli inasukuma umeme kupita uwezo wake, na saa sita usiku moshi unatoka. Kesho yake analetwa kijana na mkokoteni, na maelezo ni yaleyale: "Ilizima yenyewe." Ampli za mji huu hazijawahi kuzimwa na mtu.

Huko Marekani, mwaka 1969, Ampeg walitoa SVT: wati 300, lampu 14, spika nane za inchi 10, kichwa peke yake zaidi ya kilo 35. Nimeiona kwenye picha. Mtu akiniuliza ndoto yangu ni ampli gani, nitaitaja hiyo. Akiniuliza kama ainunue, nitamwuliza lampu 14 atazipata wapi.

Swali hilo la mwisho liliingia mjini kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa Wazaire, kama tulivyoitwa siku zile, na mengi ya maduka yale yalimaliza akiba iliyokuwamo bila kuagiza nyingine. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia yetu fupi ya kwenda baharini. Ndani ya miaka miwili lampu ya ampli ikawa kitu cha kuletwa mfukoni na mtu anayetoka safari, na orkestra ikajikuta haina kitu cha kusemea.

Orkestra nyingi za Katanga zilikuwa zimeshanusa upepo. Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, alihamisha kundi lake Dar es Salaam mwaka 1971, kisha Nairobi mwaka 1975. Super Vox ya Longwa Didos ilifika Nairobi mwaka 1974 ikajiita Super Mazembe, jina la mitambo ya kuchimbua ardhi ambayo kila mtu wa migodini anaijua. Sikiliza besi ya Atia Jo katika "Kasongo", jinsi inavyotembea bila haraka, halafu uniambie kama haikulelewa huku. Watu husema walifuata studio na soko, ni kweli. Mimi naongeza vyombo. Mwanamuziki wa kwetu hakuwa na ampli yake. Ampli ilikuwa ya mwenye baa, ya kampuni au ya tajiri fulani, tuliyemwita mwenye vyombo. Ilipokufa na isifufuke, hapakuwa na sababu ya kubaki.

Tuliobaki tuligeuka wafufuaji. Ninaamini kazi hii yangu, kama kazi ya mji na si ya mtu mmoja mmoja, ilizaliwa katika miaka ile. Spika inaungua kwenye koili, ule mviringo wa waya mwembamba unaokaa katikati ya sumaku na kuisukuma karatasi. Waya huo ni shaba iliyopakwa vanishi. Shaba ya Katanga ilikwenda Ubelgiji kwa maelfu ya tani na kurudi ndani ya spika, na ilipoungua tulikosa mita chache za waya mpya katika mji uliozungukwa na migodi. Tulizitoa ndani ya mota zilizokufa, ndani ya transfo za redio, tukazinyoosha kwa mkono. Mirija ya koili tuliikata kwenye kopo la alumini. Karatasi ya spika iliyochanika tuliiziba kwa gundi na kipande cha pazia. Sauti haikuwa ileile. Spika iliyoviringwa mara tatu inakuwa na kikohozi chake. Lakini Jumamosi baa ilifunguliwa.

Transista ndiyo iliyotuokoa, nami nasema hivi nikijua kwamba mwanzoni tuliidharau. Ampli za transista za miaka ya 1970 zilikuwa na sauti kavu na zilikufa bila onyo. Kisha mafundi wake wakakomaa. Hartley Peavey, aliyeanzisha kampuni yake Meridian, Mississippi, mwaka 1965, alikuwa na wazo ambalo lingeweza kuzaliwa Katuba: tengeneza kitu kigumu, kisicho na urembo, ambacho mpigaji wa baa anaweza kukinunua. Nilipata Peavey TNT, sanduku moja lenye spika ya inchi 15, kutoka kwa mwanamuziki wa Kitwe, Zambia, aliyeacha kupiga. Niliipitisha mpakani Kasumbalesa juu ya magunia ya unga. Iliponyeshewa niliifungua nikaianika juani. Ilipoanguka ilivunja kigae cha sakafu, yenyewe haikudhurika. Nilipiga nayo miaka mingi, na sauti yake ilikuwa ya kiungwana tu: safi, nene kiasi, bila ule utamu wa lampu. Kwa mpiga besi anayelala saa kumi alfajiri na kuamka saa mbili kwenda kazini, uungwana unatosha.

Katika ampli za kizazi hicho transista za nguvu zilikuwa zimevaa kofia ya chuma, zimebanwa kwa skrubu mbili kwenye bamba la kupoza joto. Ya kofia ya chuma iliyojulikana kuliko zote, 2N3055, ilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi sasa ukiitaja kwa namba mbele ya muuza vipuri yeyote wa mji huu atainua droo. Siku hizi nyingi ni za kughushi. Ukiipasua kofia unakuta kipande cha silikoni kidogo mno kwa mzigo ambao imeandikiwa. Ninapima uzito kwa kiganja kabla ya kulipa.

Halafu umeme wenyewe ukaharibika. Mwaka 1982 waya wa Inga-Shaba, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka mto Kongo hadi Kolwezi, ulianza kazi; wengi wetu tuliamini kwamba ulivutwa ili kiganja cha Kinshasa kikae kwenye swichi ya Katanga. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 ilipofika 1994. Oktoba 1991 mji uliporwa, na ampli ni kitu rahisi kuporwa kwa kuwa ina vishikio. Mitambo ikachakaa, mitaa ikaongezeka, nyaya zikabaki zilezile. Leo tuna delestaji, umeme wa zamu, na hata ukiwapo jioni unaweza kuukuta kwenye volti 160, kisha ukapanda ghafla majirani wanapozima pasi zao. Hapo ndipo ampli zinapofia. Radi za Novemba hadi Machi zinamalizia zilizosalia.

Na wateja wamebadilika. Baa sasa inapiga muziki wa kompyuta. Anayenunua gitaa la besi katika Lubumbashi ya leo, na ampli, na ngoma za dramu, ni kanisa la uamsho. Besi bora ninazozisikia siku hizi nazisikia Jumapili, kwa vijana ambao hawajawahi kuingia baa, wenye kasi ya vidole ambayo sisi hatukuwa nayo na wenye haraka ambayo pia hatukuwa nayo.

Mmoja wao, wa kanisa la Katuba, alikuja karakana akiwa ametumwa na wazee wa kanisa na bahasha ya sadaka. Nilikuwa na vitu viwili vya kuuza: ampli ndogo ya aina ya D, mpya, iliyokuja na makontena kupitia Dar es Salaam, na sanduku la zamani la transista la inchi 15 nililolifufua mwenyewe.

"Papa, hii iko na wati ngapi?" akaniuliza, akionyesha lile sanduku.

"Mwanangu, uliza kwanza iko na kilo ngapi."

Alidhani namtania. Uzito ule ni transfo, na transfo kubwa inavumilia volti mbaya. Inanguruma, inapata moto, inaendelea. Wati zilizoandikwa mbele ya ampli ni maneno ya muuzaji. Ukiziongeza maradufu, kutoka 100 hadi 200, sikio linapata nyongeza ndogo tu. Ukiongeza bafle ya pili ambayo ampli inaweza kuibeba, unapata zaidi kwa fedha kidogo. Ile ndogo sikuisema vibaya, kwa maana haistahili. Ina kilo tatu, inatoa mlio safi, inakubali umeme kuanzia volti 100 hadi 240, na mpiga besi anayezunguka mjini kwa pikipiki ataishukuru kila siku. Nilimfungulia aone ndani: ubao mmoja, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele vimelehemiwa na mashine. Radi ikipiga hapo sina pa kuweka chuma changu cha kulehemu. Kwa mwenye fedha za kununua nyingine nisingesita. Kanisa lile lilikuwa limechanga miezi.

Alichomeka gitaa lake kwenye sanduku la zamani. Nikamwambia asipige zile mbio zake, apige mi peke yake, aiache ilie mpaka ife. Uzi mmoja unakwambia yote: kama spika inakwaruza, kama skrubu inatetemeka, kama sauti inabaki na sura yake inaposhuka au inageuka mvumo tu. Kisha apandishe hatua kwa hatua na kusikiliza kama kila noti ina nguvu sawa, kwani sanduku baya huwa na noti moja inayopiga kelele na jirani yake amenyamaza. Kisha nikaizima, nikaiwasha, tukasikiliza mngurumo bila gitaa.

Alichagua hilo. Akaenda kuita wenzake wawili na mkokoteni. Walipokuwa wanalipakia nilimweleza aliweke sakafuni karibu na ukuta, mbali na jukwaa la mbao lenye uwazi chini yake, lisiwashwe bila stabilaiza, na umeme ukikatika katikati ya ibada mtu akimbilie swichi kabla haujarudi. Mwisho nikafungua kifuniko cha fyuzi. Ampli nyingi zinazoletwa kwangu zimewekewa uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Katika mji huu shaba haikosekani, na mtu akiona ampli imewaka tena anafurahi, mpaka transfo inapoungua badala ya fyuzi ya bei ya andazi. Nilimwonyesha namba iliyochapwa kando ya tundu, nikamwuzia fyuzi tano za namba hiyo, moja nikaitia tunduni, nyingine nne nikazibandika kwa utepe ndani ya sanduku, juu ya sumaku, mahali ambapo fundi yeyote atakayelifungua baada yangu ataziona.